Dawa ya Meno Ambayo Mtoto Hataikimbia

Kama uko Kehancha mjini, Ikerege, Masaba, Isebania au kule Ntimaru, sogea karibu na redio. Kama mtoto yuko karibu, mpakate, kwa sababu leo tunamzungumzia yeye.

Tuseme una binti wa miaka miwili na nusu. Tumwite Boke. Jioni, baada ya chakula, unamwita apigwe mswaki. Unachukua dawa ya meno ya nyumbani, ile mnayotumia nyote, unaipaka juu ya mswaki kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikigusa ulimi tu, Boke analia, "Inachoma!" Anaitema, anakimbilia kwa nyanya yake. Kesho yake anafunga mdomo kabisa. Siku ya tatu umechoka, una vyombo vya kuosha na kuni za kutafuta. Unasema, "Wacha tu. Haya ni meno ya maziwa, yatang'oka hata hivyo."

Mama, wengi wetu tumesema hivyo. Leo tutaona kwa nini tusiseme hivyo, na jinsi ya kupata dawa ambayo Boke ataikubali.

MENO YA MAZIWA YANA KAZI

Jino la kwanza hutoka mtoto akiwa na miezi sita hivi. Akikaribia miaka mitatu huwa ana meno 20. Ni kweli yatang'oka, lakini si leo. Ya mbele huanza kung'oka akiwa na miaka sita hivi. Magego ya nyuma, yale ya kutafunia, hukaa hadi miaka 10 au 12.

Basi gego likioza Boke akiwa na miaka mitatu, ana miaka saba au zaidi ya kuishi nalo. Mtoto mwenye jino bovu hakuli vizuri, halali, na mama pia halali. Usaha unaweza kuingia kwenye mzizi na shavu likavimba. Tena meno ya maziwa huyashikia nafasi meno ya ukubwani. Yaking'olewa mapema, yale yanayofuata yanaweza kuota yakiwa yamepinda.

KWA NINI MTOTO ANAIKATAA

Kuna sababu tatu kubwa.

Ya kwanza ni ladha. Dawa nyingi za watu wazima zina mnanaa mkali. Sisi tunasema inaburudisha kinywa, lakini ulimi wa mtoto unaihisi kama pilipili.

Ya pili ni povu. Dawa nyingi zimewekwa kitu cha kutoa povu. Mtoto ambaye hajajua kutema huona kama anasakamwa.

Ya tatu ni kiasi, na hii ndiyo tunayoisahau. Katika matangazo tunaona mswaki uliojazwa dawa mpaka pembeni. Hilo ni la kupendeza macho tu. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu anahitaji kiasi cha punje moja ya mchele. Kuanzia miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje moja ya njegere, ile tunayoiita minji.

Kwa hiyo, kabla hujatoa pesa kununua dawa nyingine, jaribu kwanza hivi: chukua ile ile ya nyumbani, weka kiasi cha punje ya mchele, isukume iingie kati ya nywele za mswaki. Mara nyingi ukali unapungua, povu linapungua, na kilio pia kinapungua. Na dawa yenyewe itakaa siku nyingi zaidi.

UKIENDA DUKANI

Kama bado anaikataa, basi tafuta yenye ladha nyingine. Watoto wengine hupenda ladha ya matunda, kama stroberi au chungwa. Wengine wanataka mnanaa hafifu tu. Usinunue kubwa kwanza. Nunua ndogo kabisa, au umwombe jirani tone dogo la ile ya mtoto wake uone kama wako ataikubali. Lichukue kwa kijiko safi. Mswaki wa mtoto mmoja usiguse mdomo wa dawa ya mwingine.

Picha ya katuni juu ya boksi haitoshi. Geuza boksi utazame mambo haya.

Kwanza, tafuta neno Fluoride. Linaanza kwa herufi F. Hayo ni madini yanayolifanya jino kuwa gumu lisiliwe na asidi. Asidi hiyo hutengenezwa na vijidudu vya mdomoni kila tunapokula sukari. Madini haya ndiyo sababu hasa ya kutumia dawa ya meno. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa ya meno yenye madini haya katika orodha yake ya dawa muhimu.

Pili, tafuta namba iliyo karibu na herufi ppm. Namba nzuri ni kati ya 1000 na 1500. Baadhi ya dawa za watoto zina chini ya hapo, na nyingine hazina kabisa. Ladha itakuwa nzuri lakini kinga ni ndogo.

Tatu, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora. Hapa kwetu mpakani bidhaa hutoka pande zote mbili. Ya Kenya iwe na alama ya KEBS. Iliyotengenezwa Tanzania huwa na alama ya TBS.

Labda unauliza, "Hiyo tamu haitamwozesha meno?" La. Utamu wa dawa ya meno si sukari ya chai. Tahadhari ni nyingine: ikiwa tamu sana, mtoto ataila kama peremende. Iweke juu, asipoifikia. Kuipaka ni kazi ya mtu mzima.

Na kama pesa za dawa ya watoto hazipo, usihuzunike. Ile ya nyumbani yenye Fluoride, kwa kiasi cha punje ya mchele, inamfaa pia. Lakini majivu na mkaa tusimpe. Hukwaruza meno, na kinga hiyo hayana.

KUMZOESHA POLEPOLE

Siku mbili au tatu za kwanza, mpe mswaki wake mdogo laini wenye maji tu. Auchezee huku umemshika, asikimbie nao mdomoni. Siku zinazofuata, weka dawa kidogo sana, hata chini ya punje ya mchele. Kisha fikia kiasi chake.

Ukiwa na dawa za aina mbili, muulize, "Leo tutumie ya nyekundu au ya kijani?" Usimuulize kama anataka kupiga mswaki, maana jibu unalijua. Piga mswaki naye, akuone. Mwimbie wimbo mfupi wa Kikuria anaoupenda, na ajue kwamba wimbo ukiisha, kazi imeisha.

Mlaze kichwa mapajani mwako, umtazame kutoka juu. Hapo utayaona magego ya nyuma. Sugua polepole, nje, ndani na juu ya kutafunia. Fanya hivyo asubuhi na usiku kabla ya kulala. Wa usiku usiukose, maana mtoto akilala mate hupungua na meno hukosa msaada. Baada ya hapo asipewe uji wenye sukari wala chai. Maji yanatosha.

Akimaliza, ateme kama anajua. Asisukutue kwa maji mengi, kwa sababu ataiondoa dawa kabla haijafanya kazi. Na umsaidie mpaka afikishe miaka saba au minane. Mtoto wa miaka minne anaweza kushika mswaki, lakini mkono wake haujui kufika nyuma.

HOFU YA KUMEZA

Akina mama wengine huogopa kwamba mtoto atameza. Kiasi cha punje ya mchele hakitamdhuru. Hatari iko kwenye kujaza mswaki kila siku akameza yote. Madini haya yakizidi mwilini miaka ambayo meno yanajitengeneza, meno ya ukubwani huweza kutoka na madoadoa. Kule Nakuru na Naivasha, na Arusha upande wa Tanzania, wako watu wengi wenye meno ya kahawia. Hawakuyapata kwa dawa ya meno. Ni maji ya huko yenye madini haya kwa wingi. Ukiona watoto wengi wanaochota kisima kimoja wana meno ya namna hiyo, mweleze mhudumu wa afya.

Mtoto akila dawa nyingi kwa mara moja, mpe maziwa na umpeleke hospitalini haraka, ukiwa na boksi lake mkononi.

Na kama Boke anakataa kila dawa na kila mswaki, mfungue mdomo mchana kwenye mwanga. Pengine kuna jino lililotoboka, au kidonda, ndiyo maana analia. Ukiona alama nyeupe kama chokaa karibu na fizi, au doa la kahawia, usingoje liume. Mpeleke akaonwe na mhudumu wa meno. Siku ya kliniki ya watoto pia unaweza kuuliza.

TUKUMBUKE

1. Punguza kiasi kwanza, ndipo ubadilishe dawa.
2. Chini ya miaka mitatu, punje ya mchele. Miaka mitatu hadi sita, punje ya minji.
3. Tafuta neno Fluoride na namba 1000 hadi 1500.
4. Ladha achague mtoto. Kiasi apime mama.
5. Mswaki wa usiku usikosekane.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

Nyumbani kwako nani humpiga mtoto mswaki usiku? Dawa mnayotumia ina namba gani? Mama ambaye mtoto wake alikataa kisha akakubali, alifanyaje?

Leo jioni, kabla Boke hajalala, jaribu ile punje moja ya mchele. Mpaka tutakapozungumza tena, kwaherini.