Kinywe: madini yanavyopimwa kwa hesabu kabla ya kuguswa

Msikilizaji, chukua penseli uchore mstari kwenye karatasi. Alama ile nyeusi ni kinywe, madini yaleyale yaliyopo wilayani Ruangwa, mkoa jirani wa Lindi, na ng'ambo ya Mto Ruvuma, huko Balama, Msumbiji. Leo yanatafutwa kwa ajili ya betri za simu na magari ya umeme.

Kinywe ni fuwele ya kaboni, yaani atomu zake zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia, kama zilivyo chembe za chumvi ya mashambani kwetu. Atomu hizo zimelala tabaka juu ya tabaka, mithili ya mikeka iliyorundikwa. Ndani ya mkeka mmoja zimeshikana sana, lakini mkeka na mkeka vimeshikana kidogo tu. Ndiyo maana penseli inaandika: tabaka zinateleza na kubaki kwenye karatasi.

Wanasayansi hupima unyumbufu, yaani kitu kinabonyea au kuvutika kiasi gani kabla ya kurudi kilivyokuwa. Kipimo chake ni gigapaskali. Gigapaskali moja ni kama gunia la kilo 100 kukalia eneo la milimita moja ya mraba. Kuvuta kinywe kwa kufuata tabaka, ugumu wake ni zaidi ya gigapaskali 1,000. Kubonyeza kutoka juu, ni takriban 36 tu.

Namba hizi zinaweza kupatikana bila kushika jiwe. Kompyuta hupewa mpangilio wa atomu, kisha hukokotoa nishati ya elektroni kwa kanuni za fizikia ya kwantamu. Baadaye fuwele "huvutwa" kidogo, labda asilimia moja, na hesabu hurudiwa. Ni kama manati: mpira unaodai nguvu nyingi kuuvuta ndio mgumu zaidi. Njia hii ilianzishwa mwaka 1964 na 1965 na Walter Kohn na wenzake, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Ina faida gani? Betri inapochajiwa, lithiamu huingia katikati ya tabaka za kinywe, nacho huvimba kwa karibu asilimia 10. Inapotumika, hunywea. Kuvimba na kunywea huku kukijirudia, chembe hupasuka na betri huchoka. Hesabu husaidia kujua mapema mchanganyiko upi utavumilia.

Lakini hesabu ina mipaka. Njia ya kawaida hukosea pale tabaka za kinywe zinaposhikana kidogo, hivyo lazima iongezewe marekebisho. Pia huhesabu fuwele safi, wakati jiwe la shambani lina nyufa na uchafu. Kompyuta haisemi kuna tani ngapi ardhini, wala mwenye shamba alipwe nini. Hayo bado yanahitaji kuchoronga miamba, maabara na mazungumzo ya haki.

Hata hivyo, ujuzi huu hauko mbali. Programu ya Quantum ESPRESSO hutolewa bure. Mafunzo ya ASESMA, yaliyoanza 2010 kwa ajili ya Waafrika, yalifanyika Eldoret, Kenya, mwaka 2012. Kigali kuna taasisi ya utafiti wa fizikia, EAIFR, tangu 2018.

Kwa hiyo mwanao anayependa hisabati asiambiwe kwamba kazi ya madini ni sururu peke yake. Anayejua tabia ya jiwe lake ndiye anayejua thamani yake kabla halijapakiwa melini.