Harufu ya Njugu Karanga

Kwenye kituo cha mabasi mjini Machakos, njugu karanga huuzwa zingali moto, zimefungwa kwenye karatasi iliyosokotwa kama pembe. Kwa abiria anayesubiri matatu ya Wote, ni kitu cha kupitisha wakati tu. Kwa kijana aliyekuwa akitafuna muguka, aina ya miraa, hadi usiku wa manane, njugu mdomoni zikipunguza ukakasi wa majani, harufu ile inamwita. Mate yanajaa, moyo unakwenda mbio, viganja vinaloa jasho. Ameacha miezi minne sasa, na hakuna aliyemwonyesha hata jani moja.

Ataambiwa hana msimamo. Si kweli. Miaka ya 1940, katika hospitali ya waraibu mjini Lexington, Marekani, daktari Abraham Wikler aliona wagonjwa walioacha heroini na mofini kwa miezi kadhaa wakipiga miayo, wakitokwa machozi na kamasi, pindi tu mazungumzo yalipogeukia dawa. Mwili ulikuwa umeshajisafisha, lakini ubongo ulikuwa bado unangoja.

Ndiyo maana mahali ni jambo zito. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliorejea kutoka Vietnam mwaka 1971. Baadhi yao walikuwa wamenaswa na heroini kule, ila katika mwaka wao wa kwanza nyumbani ni takriban asilimia 5 tu ya waraibu hao waliozama tena. Vichochezi vyao vilibaki vitani. Kijana wetu hupitia kinyume chake: anapelekwa kituo cha tiba kilicho mbali, anapata nafuu huko, halafu anarudishwa kwenye kona ile ile, kwa marafiki wale wale, bila kazi.

Mwanasaikolojia Alan Marlatt alipochunguza waliorudia, aliona mambo matatu yakijitokeza sana: hisia nzito kama hasira na huzuni, ugomvi na watu, na msukumo wa wenzao. Lakini fundisho lake ninaloliona kubwa zaidi ni kwamba kuteleza siku moja si kurudia uraibu. Kinachompeleka mtu kutoka hapa hadi pale ni aibu. Akijiambia la kuvunda halina ubani, jioni moja inageuka mwezi mzima, kwa kuwa anaizima aibu kwa kile kile kilichoileta. Akijiuliza ni nini kilichomshika leo, na kesho apitie njia gani, bado yumo safarini.

Na aibu hiyo mara nyingi tunampa sisi. Kila akichelewa kurudi, macho yake yanakaguliwa. Kila shilingi ikipotea, jina lake ndilo la kwanza.

Kisha kuna ntheo, sherehe ya ndoa ya Wakamba: mbuzi wamefika, wazee wamekaa, kaluvu, pombe ya kienyeji, inazunguka. Kukataa mbele ya ukoo mzima kunaonekana kama dharau. Mjomba anayegawa, akimfikia, ampe kibuyu cha uji bila kumuuliza neno, kisha asonge kwa anayefuata.