Kisulisuli Chini ya Turbini

Maji ya mito ya Kikuletwa na Ruvu, ambayo sehemu kubwa huteremka kutoka Kilimanjaro na Meru, hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi. Kituo cha umeme cha hapo kilianza kazi mwaka 1968 na uwezo wake ni megawati 8 tu. Mgeni akifika hutazama ukuta wa bwawa, na mwenye udadisi zaidi huuliza habari za gurudumu la turbini. Ni nadra mtu kuuliza kuhusu bomba lililo chini ya gurudumu la turbini za mteremko mfupi: lenye umbo la koni, jembamba juu, pana chini, lisilo na hata kipande kimoja kinachosogea.

Bomba hilo lina kazi nzito. Maji yanapoliacha gurudumu bado yana mbio, na mbio hizo ni nguvu ambayo ingepotelea mtoni. Koni huyapunguza kasi taratibu, na kasi ikishuka shinikizo hupanda kuelekea mwisho wa bomba. Lakini kule mwisho shinikizo limekwisha kupangwa na kina cha mto. Basi linaloshuka ni lile la juu, pale chini ya gurudumu, na gurudumu hupata mvuto wa ziada kutoka upande wa pili. Katika kituo cha Kihansi, ambako maji huanguka zaidi ya mita 800 na kuchapa vikombe vya turbini za Pelton, koni ya namna hii haihitajiki. Mteremko ukiwa mfupi, koni mbaya ni hasara kubwa.

Sasa, kwa nini koni isipanuliwe haraka ili bomba liwe fupi na bei nafuu? Kwa sababu mkondo ulionyooka hauwezi kufuata ukuta unaokimbia. Pembe nzima ya koni ikizidi sana nyuzi 7 hivi, maji huanza kubanduka ukutani, na yanayobaki pembeni hujizungukia bure.

Hapo ndipo mzunguko unaposaidia. Koroga chai kikombeni uone inavyopanda pembeni na kubonyea katikati. Vivyo hivyo mkondo unaozunguka ndani ya koni husukumwa nje na kuukumbatia ukuta, hata koni ikiwa pana. Mzunguko ukizidi, kitovu hukosa shinikizo kiasi kwamba mkondo wa katikati hugeuka na kurudi juu.

Kipimo cha mzunguko unaofaa kilitafutwa kwa hewa, si kwa maji. Hewa isiposhindiliwa na maji yasipotoa mapovu, vyote viwili hutii kanuni zilezile za mwendo. Tofauti ni kwamba katika bomba moja hewa inabidi iende kasi takriban mara 15 zaidi ili misukosuko ifanane. Mwaka 1993 watafiti Clausen, Koh na Wood, huko Australia, walichapisha vipimo vya hewa inayozunguka katika koni ya nyuzi 20. Mzunguko waliuchagua kwa makini: unatosha kuzuia mkondo usibanduke ukutani, hautoshi kugeuza wa katikati.

Vipimo hivyo vimekuwa mtihani wa programu za kompyuta zinazokokotoa mikondo, na watafiti wa turbini za maji wa Chuo Kikuu cha Chalmers, Uswidi, ni miongoni mwa walioutumia. Modeli maarufu ya msukosuko iitwayo k-epsiloni, iliyoenezwa na Launder na Spalding wa London mwaka 1974, huchukulia kwamba msukosuko huchanganya mkondo kwa nguvu sawa kila upande. Katika mkondo unaozunguka si kweli, kwa hiyo modeli hukosea kasi, hasa kitovuni. Binafsi sishangai: dhana hiyo ilikuwa nafuu ya hesabu kuliko maelezo ya maumbile.

Kosa hilo lina uzito, kwa sababu mzunguko hautulii. Kiangazi, mito ikipungua na mashamba ya mpunga ya Lower Moshi nayo yakidai haki yake, kituo kama cha Nyumba ya Mungu huweza kulazimika kupitisha maji kidogo kuliko turbini ilivyokusudiwa. Maji yakipungua namna hiyo, hutoka kwenye gurudumu yakizunguka kupita kiasi. Kisulisuli huzaliwa katikati ya koni, kikajipinda kama kamba na kuchapa kuta, mara nyingi kwa mwendo wa kati ya robo na theluthi ya ule wa gurudumu. Mtambo mzima hutetemeka. Mafundi duniani hubandika mapezi ya chuma ukutani mwa koni, au hupuliza hewa katikati ya kisulisuli ili kukilainisha, na hewa hiyo nayo hula sehemu ya umeme.