Moto Ukizuka Usiku, Nani Ataamka?



Katika ukurasa huu tumekwisha kuzungumza mara nyingi juu ya malaria, kuharisha na lishe ya watoto. Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni jambo la afya, nalo ni kikundi cha kujitolea cha kuzima moto kijijini. Sitazungumza sana juu ya namna ya kukianzisha, maana kuanzisha si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kukifanya kiishi.

Mwezi Oktoba mwaka 2023, saa nne usiku, tulipokea wodini mtoto wa kike wa miaka sita. Kibatari kilikuwa kimeangukia chandarua. Mtoto aliletwa kwa bodaboda, mwendo wa saa mbili, akiwa amepakwa majivu na mafuta ya kula kutoka begani hadi kiganjani. Ilitubidi kumsafisha kwa muda mrefu kabla ya kuanza kumtibu, naye akilia kwa maumivu ambayo yangeweza kupunguzwa kwa maji tu. Baba yake alikaa kwenye benchi nje ya wodi, mikono yake nayo ikiwa na malengelenge. Nilipomwuliza kama majirani walifika kusaidia, alinijibu, "Walifika, Mama. Lakini hakuna aliyejua la kufanya. Kikundi cha moto tulikuwa nacho, kilikufa tu."

Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu kikundi hicho nilikifahamu. Mwaka 2016 nilikwenda mimi mwenyewe kuwafundisha huduma ya kwanza. Niliwaahidi kwamba nitarudi baada ya miezi sita. Sikurudi.

KILIVYOANZA NA KILIVYOKUFA

Kikundi kilianza baada ya moto wa kiangazi kuteketeza nyumba tatu na kihenge cha mahindi kwa siku moja. Watu walikuwa na uchungu, na kila mmoja alitaka kufanya kitu. Walijiandikisha watu kumi na wanne. Michango ikanunua ndoo ishirini, mapipa mawili ya maji, ngazi, filimbi na mablanketi mawili. Vitu vikawekwa katika chumba kimoja shuleni, na ufunguo akapewa katibu. Rimu ya gari ilitundikwa mwembeni iwe kengele ya hatari. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi walifanya mazoezi, na watoto walikuja kuwatazama.

Mwaka wa kwanza ukapita bila moto mkubwa. Mazoezi yakawa kila miezi mitatu, kisha yakakoma. Ndoo ziliazimwa kwa ajili ya arusi, zikarudi nusu. Pipa moja liliazimwa kupikia pombe, halikurudi kabisa. Vijana watano walikwenda mjini kutafuta maisha. Usiku ule wa mwaka 2023 katibu alikuwa msibani wilaya nyingine, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Majirani walivunja mlango, wakakuta ngazi na ndoo nne.

Nasimulia haya si kwa kuwalaumu watu wale. Kabla ya mwaka 2016 walikuwa hawana hata hizo ndoo nne. Nasimulia kwa sababu nimewauliza mmoja mmoja, na majibu yao yanaweza kuzisaidia parokia nyingine.

KWA NINI MAJIRANI?

Wengine watasema kuzima moto ni kazi ya serikali. Ni kweli kwamba tunalo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo lina sheria yake ya mwaka 2007, na namba yake ya dharura ni 114. Kila mzazi aijue namba hiyo na aipige mapema. Lakini sisi wa vijijini tunajua umbali ulivyo na barabara zilivyo. Nyumba ya nyasi huteketea kabla gari halijatoka mjini. Katika dakika zile za mwanzo hakuna mwingine ila jirani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 180,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuungua, na wengi wao ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati kama yetu. Wanaopona nao mara nyingi hubaki na ulemavu. Mtoto niliyemtaja alikaa kwetu miezi mitatu, na kiwiko chake hakinyooki sawasawa hadi leo.

Moto wa nyikani nao huhitaji watu. Oktoba mwaka 2020 Mlima Kilimanjaro uliwaka kwa zaidi ya wiki moja. Mamia ya watu walipanda kwenda kuuzima, wakiwemo askari wa zimamoto, wahifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka na wanavijiji wa kawaida. Watu wetu, basi, hawakosi moyo. Moyo hupatikana siku ya moto. Unaokosekana ni uvumilivu wa siku ambazo hakuna moto.

WENZETU WA MBALI

Kujitolea kuzima moto si jambo la maskini tu. Katika mji wa Valparaíso nchini Chile kikosi cha kujitolea kilianzishwa mwaka 1851, baada ya moto mkubwa wa mwaka uliotangulia. Hadi leo wazima moto wa Chile ni watu wa kujitolea. Hawalipwi mshahara, bali wao wenyewe hulipa ada ya uanachama. Mtu aliyetoa shilingi yake hakisahau kikundi chake upesi.

Ujerumani wengi wa wazima moto ni watu wa kujitolea, na wana vikundi vya watoto na vijana, ili mzee akichoka awepo wa kumpokea kazi. Hata hivyo wenzetu nao wana shida. Marekani idadi ya wazima moto wa kujitolea imepungua sana tangu miaka ya 1980. Vijana wa vijijini hufanya kazi mbali na nyumbani, waliobaki wanazeeka, na mara nyingi huuza vyakula ili wapate fedha za vifaa. Ukisikia hayo utadhani wanazungumzia kijiji chetu.

MAMBO YANAYOUA KIKUNDI

Katika mazungumzo yangu na wale kumi na wanne, niliyasikia mambo matano.

Kwanza, ukimya. Mwaka ukipita bila moto, watu huona mazoezi ni kupoteza muda. Hawakumbuki kwamba pengine moto haukuwa mkubwa kwa sababu barabara za kuzuia moto zilifyekwa mapema, na majirani waliwahi kuuzima ukiwa mdogo.

Pili, mali ya wote kukosa mwenyewe. Ndoo isiyo na alama ni ndoo ya kila mtu.

Tatu, mzigo kumwangukia mtu wa nyumbani. Kijana mmoja alichomwa na msumari mguuni akibomoa paa linalowaka. Alitibiwa, akadungwa sindano ya pepopunda, na gharama akailipa mwenyewe kwa kuuza mbuzi. Mkewe aliniambia waziwazi, "Siku nyingine nilimficha viatu." Tusimcheke mama huyu. Mbuzi alikuwa wa ada ya shule.

Nne, lawama. Nyumba moja iliungua yote ingawa walipigana nayo usiku kucha. Kesho yake mwenye nyumba alidai kwamba redio yake iliibwa na waliokuja kuzima. Watu watatu waliacha wiki hiyo hiyo.

Tano, kuwaacha akina mama pembeni. Katika kumi na wanne, wanawake walikuwa wawili tu. Lakini moto wa nyumbani huanzia jikoni, na anayekuwa karibu na jiko, na anayejua maji yako wapi, ni mama.

Naongeza jambo moja ambalo halikutajwa kwa sauti. Mzee mmoja wa kikundi alimtoa mtu aliyekwisha kufa ndani ya nyumba. Kwa miezi kadhaa hakupata usingizi, akawa anakunywa sana. Hakuna aliyemwuliza hali yake. Aliyeona mambo mazito anahitaji kuketi na padre, katekista au mhudumu wa afya, aseme yaliyomo moyoni. Huo nao ni uuguzi.

TUFANYE NINI?

1. Kikundi kishikwe na kalenda, kisishikwe na hofu. Jumamosi ya kwanza ya mwezi rimu ipigwe, ndoo zihesabiwe, maji ya mapipa yabadilishwe. Nusu saa inatosha. Zoezi fupi la kila mwezi ni bora kuliko semina ya siku tatu isiyorudiwa.

2. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo itoe watu wawili, mwanamke na mwanamume. Akihama mmoja, jumuiya ilete mwingine kabla ya mwezi kwisha. Vijana wa VIWAWA na wanafunzi wa darasa la saba wafundishwe pia.

3. Vifaa vipakwe rangi nyekundu, visiazimwe hata kwa mazishi. Ufunguo uwe na watu watatu wa nyumba mbalimbali, nao wasisafiri wote kwa wakati mmoja.

4. Uwepo mfuko mdogo wa kumtibu anayeumia kazini, na mahesabu yake yasomwe hadharani. Ikiwezekana wanakikundi wasaidiwe kulipia bima ya afya. Wote wapate chanjo ya pepopunda.

5. Siku ya moto achaguliwe mtu mmoja wa kulinda vitu vinavyotolewa nje, mbele ya balozi. Hii itaondoa lawama.

6. Serikali ya kijiji ikitambue kikundi, na kupitia wilayani waombwe askari wa zimamoto waje kufundisha. Kikundi hakichukui nafasi ya Jeshi, kinashika hali hadi Jeshi lifike.

7. Tuwashukuru. Mtakatifu Florian, askari wa Kirumi aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 304 kwa kutoswa mtoni, ni msimamizi wa wazima moto, na sikukuu yake ni tarehe 4 Mei. Baba Paroko akiwaita mbele ya altare siku hiyo na kuwabariki, hakuna gharama yoyote, lakini watu watajua kwamba kazi yao imeonekana.

YA KUKUMBUKA SIKU YA MOTO

Okoeni watu kwanza, mali baadaye. Ndani ya moshi tambaa chini, maana hewa nzuri iko karibu na sakafu. Moshi huua hata pasipo ndimi za moto. Asiyefundishwa asiingie katika nyumba inayowaka, la sivyo tutawazika wawili.

Nguo zikishika moto, mtu asikimbie. Alale chini ajiviringishe, au afunikwe blanketi zito. Mafuta yakiwaka sufurianipo usimwage maji. Funika kwa mfuniko na ondoa moto chini yake. Lori la mafuta likipinduka, kazi ya kikundi ni kuwazuia watu wasilikaribie. Hatujasahau Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo watu zaidi ya 100 walipoteza maisha.

Aliyeungua amwagiwe maji safi yasiyo ya barafu juu ya jeraha kwa dakika 20. Maji hayo yanasaidia hata kama saa tatu hazijapita tangu aungue. Mvue pete na bangili kabla hajavimba. Nguo iliyogandana na ngozi iache. Funika jeraha kwa kitambaa safi, mfunike mgonjwa asipatwe na baridi, kisha mlete hospitali. Msimpake majivu, dawa ya meno, mafuta, yai wala unga.

MWISHO

Mwaka 2024 nilirudi katika kijiji kile, nikiwa nimechelewa miaka saba. Niliomba radhi mbele ya mkutano. Wamejiandikisha upya watu kumi na wanane, tisa wakiwa akina mama, na baba wa yule mtoto ni mmoja wao. Ndoo ni nyekundu. Rimu bado iko mwembeni. Siwezi kuahidi kwamba kikundi kitadumu, ila safari hii nimeandika Jumamosi zao katika kalenda yangu ya kazi, na nisipoweza kwenda namtuma mwenzangu.

Wahenga walisema, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Basi nanyi, Jumapili hii baada ya Misa, waulizeni viongozi wa parokia yenu maswali matatu: ndoo ziko wapi, ufunguo anao nani, na mara ya mwisho kufanya mazoezi ilikuwa lini? Kama hakuna mwenye jibu, anzieni hapo.

Mungu azilinde nyumba zenu. Tuonane mwezi ujao.