Zanzibar Mara Mbili kwenye Redio Moja

Mteja aliyefika jioni kwa fundi redio mmoja mjini Magu, karibu na Ziwa Victoria, alikuwa na furaha. Redio aliyoinunua mnadani kwa bei ya chini ilikuwa ikiikamata Zanzibar mara mbili: kwenye megahezi 11.7, na tena kidogo kabla ya 11. Aliona kapata redio yenye nguvu. Fundi alizungusha sindano taratibu, akasikiliza kote kuwili, akamwambia huo ni ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe hauandikwi kwenye boksi. Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC, likiwa hewani jioni kwa masafa mafupi hutumia kilohezi 11735. Kutoka mtambo wake wa Dole, kisiwani Unguja, hadi Magu ni kama kilomita 750. Mawimbi hupanda juu sana, hugonga tabaka la hewa lenye chaji za umeme, kisha hurudi chini huku ziwani. Redio ya sindano huyapokea kwa ujanja. Hutengeneza wimbi lake la ndani, kilohezi 455 juu ya kituo kinachotafutwa, halafu hufanyia kazi tofauti ya mawili hayo. Sasa weka sindano kwenye 10825: wimbi la ndani linakuwa 11280. Kutoka hapo kupanda hadi 11735 ni 455 vilevile! Redio yenye mchujo hafifu haijui juu wala chini, inameza vyote. Ndiyo maana Zanzibar ya uongo hukaa kilohezi 910 chini ya ile ya kweli, na fundi huyu huitafuta makusudi kila akiletewa redio asiyoijua. Akiikuta inasikika wazi, huirudisha redio kwa mwenyewe bila maneno mengi.

Dawa ipo, ila ina bei. Redio kubwa kama Sony ICF-SW7600GR hubadili masafa mara mbili ili kumtoa mgeni huyo. Ndogo za namba, mfano Tecsun PL-310ET na PL-380, humtoa kwa hesabu zinazofanywa ndani ya chipu. Fundi anazisifu kwa masikio na kuzilaumu kwa mikono: chipu ikifa, yeye hana la kufanya. Redio ya sindano anaifungua, anaunga waya, anabadilisha swichi, inaimba. Kwa mtu wa kijijini, anasema, hilo nalo lihesabiwe. Betri vilevile. Zipo redio zinazotumia BL-5C, ile ya simu za Nokia za zamani, na mwenye redio hiyo hahangaiki sana.

Adui mwingine yumo nyumbani. Chaja za simu na taa za LED za bei rahisi humwaga kelele inayofunika kituo cha mbali, hata redio iwe ya thamani gani. Zizime, au toka nje.

Lakini kwenye masafa mafupi kuna nini cha kusikiliza? Deutsche Welle ilifunga mtambo wake wa Kigali mwaka 2015. Sauti ya Amerika, iliyoanza Kiswahili mwaka 1962, ilinyamazishwa na serikali yake yenyewe Machi 2025. Vituo vya FM kama Radio Free Africa ya Mwanza vimekuwa vikijiunga na idhaa za nje, sauti ikija safi bila mikwaruzo. Hata hivyo swali la kwanza la wazee mezani kwa fundi bado ni kama redio ina SW, yaani masafa mafupi. Je, ni mazoea tu ya zama za RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam? Au ni hesabu ya watu walioona intaneti ikikatika nchi nzima siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025? Fundi hapendi kulijibu. Yeye anauza masikio, siasa hauzi.

Kwa anayetaka kununua: nenda jioni, omba redio iwashwe nje, kwa betri, mbali na nyaya za umeme. Itafute Zanzibar kwenye 11735, kisha shuka hadi 10825. Muuzaji akikataa jaribio hilo, rudisha hela mfukoni.