Mirihi na Vilima Vyekundu vya Muyinga

Mazungumzo ya kuifanya sayari ya Mirihi ikalike na binadamu huanzia angani: joto litatoka wapi, hewa itatoka wapi. Kwa maoni yangu swali zito liko chini, udongoni, na vilima vya Gitega na Muyinga, nchini Burundi, vinalieleza vizuri kuliko picha za roketi. Wekundu wa vilima hivyo na wa Mirihi unatokana na kitu kimoja, oksidi za chuma. Kufanana kunaishia hapo. Burundi, mvua za dahari zimelainisha miamba na kuosha kalsiamu, magnesiamu na potasiamu, zikaacha chuma na alumini. Mabaki hayo huing'ang'ania fosforasi hata mizizi isiipate, na asidi ikizidi, pH inaposhuka chini ya 5.5 hivi, alumini huyeyuka na kuidumaza mizizi. Mirihi haikuoshwa hivyo. Chombo cha Phoenix, kilichotua huko mwaka 2008, kilikuta udongo usio na asidi, wenye magnesiamu na potasiamu. Ukihesabu madini hayo tu, mkulima wa Muyinga angeweza hata kuuonea wivu.

Hata hivyo ni Muyinga kunakoota maharage. Sababu ni uhai uliomo ardhini: bakteria wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi ya maharage na kuvuta naitrojeni kutoka hewani, kuvu, minyoo, majani yanayooza. Na uhai huo wenyewe unadai kulelewa. Watafiti wa ISABU, taasisi ya kilimo ya Burundi, wamehangaika miaka mingi na chokaa ya kupunguza asidi pamoja na samadi, na kwenye miteremko udongo usipokingwa kwa mitaro na nyasi husombwa hadi bondeni. Kama ardhi iliyozungukwa na viumbe pande zote inataka matunzo kila msimu, ile isiyo na hata mnyoo itataka nini?

Wapo watakaosema natanguliza mambo: tuipashe joto sayari nzima, uhai utafuata. Hesabu haziwaungi mkono. Mgandamizo wa hewa ya Mirihi ni milibari 6 hivi. Gitega, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ni takriban 850. Mwaka 2018 watafiti Bruce Jakosky na Christopher Edwards walijumlisha hewa ukaa yote inayoweza kufikiwa, ya barafu ya ncha, ya vumbi na ya miamba ya karibu, wakakuta ingefikisha milibari 20 tu, kiasi kisichotosha kuleta joto la maana. Sehemu kubwa ya hewa ya kale imekwisha kuponyoka kwenda angani, jambo ambalo chombo cha MAVEN kilianza kulipima mwaka 2014. Ni kweli kwamba mwaka 2024 kundi jingine la watafiti lilipendekeza kurusha chembe ndogo mno za metali ili zizuie joto lisitoroke, na hoja yao ni ya kuheshimiwa. Lakini joto hilo halileti oksijeni ya kuvuta, wala naitrojeni, ambayo ni chini ya asilimia 3 ya hewa ile nyembamba.

Kwa hiyo naona makazi ya Mirihi, yakiwapo, yatakuwa viraka vilivyoezekwa. Mwaka 2019 mtafiti Robin Wordsworth na wenzake walionyesha kuwa tabaka la erojeli ya silika, unene wa sentimita 2 au 3, linaweza kuongeza joto la ardhi iliyo chini yake kwa nyuzi 50 hivi, likipitisha mwanga wa mimea na kuzuia miale ya urujuanimno. Watakaoita hilo ndoto ndogo wakumbuke kwamba chini ya paa hilo kazi ya udongo itakuwa bado haijaanza. Phoenix hiyohiyo iligundua pakloreti, chumvi zenye sumu, karibu nusu asilimia ya udongo. Zinayeyuka majini, basi shamba linaweza kuoshwa. Ila maji hayo yatatokana na barafu iliyochimbwa na kuyeyushwa kwa umeme, na yakishatumika itabidi yasafishwe yarudi shambani, maana huko hakuna mto kama Ruvubu wa kuyapokea.