Kidonge Kimoja, Chupa Moja

Mnywaji wa tembo la mnazi anajua kwamba chupa ya tembo haikazwi kizibo. Mgema huilegeza kidogo ipate kupumua, maana kilichomo bado kinachemka chenyewe. Ikaze, uipakate kwenye daladala juani, halafu uifungue: tembo lote litaishia kifuani mwako.

Watu wanaojitengenezea bia nyumbani huifanya hatari hiyo kuwa kazi. Hungoja bia imalize kuchachuka, kisha huiongezea sukari kidogo na kuifunga kabisa kwa makusudi, ili gesi ikose pa kutokea na iyeyuke humohumo. Povu la bia yao hutoka hapo. Swali ni moja tu: sukari kiasi gani?

Jibu nililiona Adelaide, Australia, kwenye banda la gari la kaka mmoja mzaliwa wa Moshi. Mji huo unaijua bia ya namna hiyo vizuri. Kiwanda cha Coopers, alichokianzisha Thomas Cooper mwaka 1862, hadi leo huacha bia zake nyingi zimalizikie kuchachuka ndani ya chupa, ndiyo maana zina ukungu na mashapo chini. Kiwanda hichohicho huuza makopo ya rojo la kimea kwa wapishi wa bia wa nyumbani, kopo moja la kutengeneza lita 23 za bia, pamoja na pakiti za vidonge vya sukari vyeupe kama pipi. Kimoja kwa chupa ya mililita 375, viwili kwa ile kubwa ya 750.

Kaka alikuwa amepanga chupa tupu sakafuni, zimeoshwa na kutiwa dawa ya kuua vijidudu. Alitia kidonge katika kila chupa kwanza, tik, tik, tik, mpaka mwisho wa mstari, ndipo akaanza kujaza bia kwa mpira uliofika chini kabisa ya chupa.

"Kaka, si ungejaza kwanza?"

"Jaribu, mdogo wangu. Ukikitupa kwenye bia iliyojaa, povu linakupanda mpaka kwenye kiwiko."

Kidonge kimoja kina gramu kama 3. Hamira iliyobaki kwenye bia huila sukari hiyo, na karibu nusu ya uzito wake hugeuka hewa ukaa. Nusu nyingine huwa kilevi, kidogo mno kukitambua mdomoni. Utamu haubaki. Kwa hiyo anayedhani vidonge hivi ni vya kukoleza ladha amekosea tangu mwanzo. Ni vya kupima gesi. Wanaotumia kijiko hujikuta chupa moja imepata cha tele, nyingine cha mfuto, na jioni ya kufungua, moja imelala kama maji ya mtungini na jirani yake inaruka hadi darini. Kidonge kinaondoa tofauti hiyo kati ya chupa na chupa.

Lakini kinakufunga pia. Kidonge hakijui kama umepika bia nyepesi ya ngano, inayopenda gesi nyingi, au bia nyeusi ya Kiingereza inayotaka kidogo tu. Na chupa zikitofautiana, hesabu inayumba: kimoja kwenye mililita 330 kinachangamsha sana, kwenye 500 kinatuliza. Wapishi wengi waliokomaa huiacha pakiti dukani. Wanachemsha sukari na maji kidogo, wanaimimina kwenye ndoo safi, wanaiteremshia bia yote juu yake taratibu, ndipo wanajaza chupa. Ni rahisi kwa bei na unachagua kiwango unachotaka. Hata hivyo, kwa mtu wa mara ya kwanza mwenye chupa za saizi moja, ningemshauri kidonge bila kusita.

Kinachonitia hofu ni haraka. Bia iliyojaa gesi vizuri, ikiwa kwenye joto la chumba, hubana chupa kwa nguvu inayokaribia upepo wa tairi la gari dogo. Sasa fikiria bia iliyofungwa kabla haijamaliza. Kipimo cha kuelea, haidromita, kikisoma 1.014 wakati bia ile ilikuwa ishuke hadi 1.010, tofauti inaonekana si kitu. Kumbe sukari iliyobaki humo inatosha kutoa gesi karibu sawa na ya kidonge kingine kizima katika kila chupa ndogo. Umetia kimoja kwa mkono wako, cha pili kilikuwamo. Chupa za namna hiyo huweza kupasuka zenyewe kabatini, na vigae vya kioo havichagui jicho la mtoto wala la mkubwa. Kaka alikuwa amepima siku tatu mfululizo, namba ikawa ileile, ndipo akagusa pakiti.

Chupa moja katika kundi lake ilikuwa ya plastiki, na hiyo ndiyo ilikuwa saa yake. Siku ya kwanza niliibonyeza, ikabonyea kama chupa yoyote ya maji. Alizisimamisha zote gizani, sehemu yenye joto la nyuzi 20 hivi. Nilipopita baada ya wiki, ile ya plastiki ilikuwa ngumu kama jiwe. Akaziacha wiki nyingine, kisha akatia mbili kwenye friji usiku kucha, kwa sababu bia ikipoa huishika gesi vizuri zaidi.

Aliinamisha bilauri na kumimina polepole, mashapo yakibaki chini ya chupa. Akanipa iliyo safi. Yeye aliizungusha chupa mara mbili, akajimiminia lile tope la hamira, akalinusa kwanza.

"Mbege, pombe ya kwetu, ina pumba za ulezi," alisema. "Nitaliogopa hili?"